Zabuni na Tetemeko: Jinsi Usalama wa Hospitali za Umma Ulivyofika Mumias

Mumias imekaa kati ya nyufa mbili kubwa za Afrika Mashariki. Upande wa mawio kuna Bonde la Ufa la Kenya. Upande wa machweo, ng'ambo ya Uganda, kuna ufa wa magharibi unaopita kando ya milima ya Rwenzori. Mji wenyewe hauko juu ya ufa wowote kati ya hizo, na matetemeko huufikia yakiwa yamekwisha kupoteza nguvu. Umbali huo ndio uliotoa sura ya historia inayosimuliwa hapa. Serikali moja baada ya nyingine zilijua kwamba ardhi ya eneo hili hutikisika, zikaandika hata kanuni, lakini ujuzi huo ulichelewa mno kuingia katika hati zinazoamua hospitali itajengwa vipi, na nani, na kwa fedha gani.

Katika karne ya 19 Mumias ilijulikana kama Elureko, makao ya Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga. Misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilitua hapo kupumzika na kutafuta chakula na pembe, na mwaka 1883 mpelelezi Joseph Thomson alipita akielekea kaskazini mwa Ziwa Victoria. Nyumba za enzi hiyo zilikuwa za miti, udongo na nyasi. Nyumba ya namna hiyo ikitikiswa hupinda na kubanduka udongo, lakini paa lake ni jepesi, nayo hujengwa upya kwa siku chache. Ujenzi ulikuwa wa ujirani: watu waliitana, wakasimamisha fito, mwenye nyumba akawalisha. Aliyejenga aliishi karibu na alichokijenga, na kosa lake lilimrudia mwenyewe.

Ukoloni ulibadili vifaa na pia ukabadili mwenye uamuzi. C. W. Hobley alifika Mumias mwaka 1895 kuendesha kituo cha utawala, na hadi mwaka 1902 eneo hili lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka 1920 makao ya utawala yalihamishiwa Kakamega, na huduma kuu za serikali zikafuata huko. Mumias ikabaki kutegemea zaidi misheni ya Kikatoliki, ambayo hospitali yake ya St. Mary's ingali inatoa huduma hadi leo. Majengo ya serikali yalichorwa na idara ya ujenzi ya koloni, na vifaa vilivyotoka ng'ambo viliagizwa kupitia Mawakala wa Taji mjini London. Vipimo vya usanifu vilitoka Uingereza, nchi ambayo wahandisi wake hawakulazimika kuhesabu nguvu za tetemeko. Hivyo kuta nzito za matofali na mawe zikachukua nafasi ya fito, bila swali la tetemeko kuulizwa.

Swali hilo liliulizwa na ardhi yenyewe tarehe 6 Januari 1928. Tetemeko la Subukia, lenye ukubwa wa takriban 6.9, lilipasua ardhi kwa makumi ya kilomita chini ya ukingo wa Laikipia. Hasara ilikuwa ndogo kwa kuwa eneo lilikuwa na watu wachache na majengo mafupi. Udogo huo wa hasara ulikuwa na matokeo yake: wanajiolojia walipata somo la kudumu, lakini wajenzi hawakupata amri. Kanuni ya kitaifa ya ujenzi dhidi ya matetemeko ilikuja miaka 45 baadaye.

Uhuru wa mwaka 1963 ulileta njaa kubwa ya hospitali. Mwaka 1965 serikali ilifuta ada kwa wagonjwa wa nje, na foleni zikarefuka kuliko majengo yaliyorithiwa. Machi 20, 1966, tetemeko la Toro magharibi mwa Uganda liliua watu wapatao 150, likionyesha kwamba ufa wa magharibi ulikuwa hai vilevile. Mwaka 1968 Kenya ilitoa amri za ujenzi kwa serikali za mitaa, zilizoshughulika zaidi na nafasi, afya, moto na uimara wa kawaida. Oktoba 25, 1969, Jomo Kenyatta alifungua hospitali kuu mpya ya Nyanza mjini Kisumu, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti na ambayo wenyeji waliiita Russia. Siku hiyo inakumbukwa kwa damu iliyomwagika nje ya lango lake. Jengo lenyewe lilitokana na mapatano kati ya serikali mbili. Mapatano ya aina hiyo huja na fedha, michoro na wataalamu wa mfadhili, na nchi inayopokea hubaki na nafasi finyu ya kudai masharti ya ardhi yake.

Mwanzo wa miaka ya 1970 ulikuwa kilele cha fikra mpya duniani kuhusu usalama wa hospitali. Februari 9, 1971, tetemeko la San Fernando huko California liliangusha majengo ya hospitali ya wanajeshi wastaafu na kuharibu vibaya hospitali ya Olive View, iliyokuwa mpya kabisa. Ilidhihirika kwamba haitoshi hospitali kutowaangukia waliomo; inapaswa kuendelea kutibu saa ile ile ambapo majeruhi wanawasili. California ikatunga sheria iliyoanza kutumika mwaka 1973, ikiondoa ukaguzi wa ujenzi wa hospitali mikononi mwa mamlaka za mitaa na kuupeleka katika ngazi ya jimbo. Mwaka huohuo Wizara ya Ujenzi ya Kenya ilichapisha kanuni ya usanifu wa majengo kuhusiana na matetemeko. Kanuni hiyo iliigawa nchi katika kanda kwa kipimo cha Mercalli cha ukali wa mtikisiko, kanda kali zaidi zikifuata Bonde la Ufa. Mwaka huohuo tena, kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga miwa, na mji uliokuwa umesinzia tangu 1920 ukaanza kujaa watu na majengo ya zege. Lakini California iliiwekea kanuni yake mkaguzi mwenye meno. Kanuni ya Kenya iliachwa katika dhamiri ya mhandisi.

Kisha ulifuata wakati wa kusogeza uamuzi karibu na wananchi. Sera ya mwaka 1983 ya kuelekeza maendeleo wilayani iliimarisha bodi za zabuni za wilaya. Harambee, na baada ya mwaka 2003 fedha za maendeleo ya maeneobunge, zilizaa zahanati na vituo vya afya hadi vijijini. Faida yake haina ubishi: mama mjamzito alipata mahali pa kujifungulia karibu na kwake. Ila jengo dogo la umma mara nyingi lilitoka katika mchoro wa jumla, likasimamiwa na kamati ya wenyeji, na likajengwa na fundi aliyeshindania bei. Kinachoiokoa nguzo wakati wa mtikisiko ni ringi za chuma zilizokaribiana kwenye maungio ya nguzo na boriti, na ringi hizo hufunikwa na zege. Fundi mwaminifu na fundi mdanganyifu huacha ukuta unaofanana machoni pa kamati.

Sheria za ununuzi nazo zilikua kwa kasi yake zenyewe. Kanuni za mwaka 2001, Sheria ya 2005 iliyoanza kazi Januari 2007, na Kifungu cha 227 cha Katiba ya 2010 zilijenga msingi wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Zilikuwa jibu kwa maradhi ya ufisadi. Mwezi Julai 2007 mitetemo iliyotokea kaskazini mwa Tanzania iliwatoa wafanyakazi wa Nairobi maofisini wakikimbilia barabarani. Hata hivyo mikondo hiyo miwili, wa ununuzi na wa matetemeko, haikukutana: sheria ya ununuzi iliuliza nani ameshinda na kwa utaratibu upi, huku uimara wa kitu kinachonunuliwa ukiachiwa yule aliyeandika maelezo ya kazi.

Ugatuzi wa mwaka 2013 uliuweka mzigo huo mikononi mwa kaunti. Vituo kama hospitali ya Matungu na kituo cha Makunga vikawa chini ya serikali ya Kakamega, chini ya gavana wa kwanza, Wycliffe Oparanya, aliyeanzisha pia jengo la hospitali ya mafunzo na rufaa ya kaunti, lililopangiwa vitanda 750 na ambalo ujenzi wake ulikwama. Sheria ya Ununuzi ya 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016, inaruhusu mshauri mwelekezi achaguliwe kwa alama za utaalamu zikijumlishwa na za bei, lakini mkandarasi wa ujenzi kwa kawaida hupatikana kwa bei ya chini kabisa iliyotathminiwa. Tena sheria hiyo hairuhusu mabadiliko yote ya mkataba yapandishe bei kwa zaidi ya asilimia 25. Kikomo hicho huzuia wizi, na pia huadhibu usahaulifu: nguvu ya tetemeko isiyotajwa siku ya kwanza ni ghali kuongezwa katikati ya kazi. Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 karibu na Bukoba, mji wa Tanzania kando ya Ziwa Victoria, liliua watu zaidi ya kumi na kuharibu majengo ya umma, zikiwemo shule za Ihungo na Nyakato. Mwambao wa ziwa lile lile linaloinyeshea Mumias mvua ulikuwa umetikiswa.

Viwango navyo vilihama. Mwaka 2010 Uingereza iliachana na viwango vyake vya zamani vya usanifu wa miundo na kushika vya Ulaya, na Kenya, iliyozoea kuvifuata, ikalazimika kuelekea huko pia. Kiwango cha Ulaya cha matetemeko kinaiweka hospitali katika daraja la juu kabisa la umuhimu, kikipendekeza nguvu za usanifu zizidishwe kwa 1.4 kuliko za jengo la kawaida. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza Kanuni mpya ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoanza kutumika Machi 2025 na kuzistaafisha zile za 1968.

Mumias ya leo ni zao la enzi hizo zote. Imerithi kuta nzito kutoka kwa ukoloni, uchu wa huduma kutoka kwa uhuru, kanuni ya mwaka 1973 ambayo haikupewa msimamizi, na sheria ya ununuzi inayolinda fedha kuliko nguzo. Kilichobadilika ni kwamba kaunti sasa ndiyo inayoandika maelezo ya kazi, na haiwezi tena kuwasingizia London, Moscow wala Nairobi. Wodi mpya ikitangazwa, usalama wake utategemea kama hati ya zabuni imetaja uchunguzi wa udongo, daraja la umuhimu la hospitali, mhandisi wa miundo aliyesajiliwa na wa pili wa kuhakiki hesabu zake, ukaguzi wa nondo kabla ya zege kumwagwa, na kufungwa kwa matangi ya maji, mitungi ya oksijeni na mashine nzito. Mambo hayo yakiandikwa, mzabuni wa bei ya chini atalazimika kuyapigia bei kama wenzake. Yasipoandikwa, sheria yenyewe itampa ushindi aliyeyaacha.