Nani Aulizwe? Habari za Haya na Mafundisho ya Mwili katika Nchi ya Rungwe

Mwalimu aliyetoka nchi nyingine akapelekwa Tukuyu, au katika vijiji vya Rungwe, hustaajabu jambo moja. Mtoto hodari darasani, asiyeogopa kuuliza habari za jua na mwezi, hunyamaza kabisa somo linapofika katika mwili wa binadamu. Hali kadhalika mtu mzima akija zahanati kwa ugonjwa wa siri husema, Tumbo linaniuma, akaishia hapo. Wageni husema kwamba huo ni ujinga. Sisi twaona sivyo. Ni sheria ya zamani, nayo ilikuwa na pande mbili: upande mmoja ulikataza kusema, na upande wa pili ulionyesha mahali pa kusemea. Ule wa kwanza umebaki. Wa pili umeanguka.

Habari za sheria hiyo ziliandikwa kwa uangalifu na Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya uchunguzi wao kati ya Wanyakyusa baina ya mwaka 1934 na 1938. Bwana alifariki 1944, na mkewe ndiye aliyetoa vitabu, cha kwanza mwaka 1951. Wanyakyusa hawakuwa na jando kama Wayao na Wamakua. Walikuwa na jambo jingine ambalo nchi nyingi hazina, yaani vijiji vya rika. Mvulana alipopata miaka kumi au kumi na mmoja aliondoka nyumbani kwa baba yake, akaenda kulala pamoja na wenziwe katika vibanda vyao wenyewe. Chakula alikula kwa mama yake, pengine akifuatana na kundi zima la rafiki. Lakini usiku hakulala tena karibu na wazazi. Wazee walipoulizwa sababu walitaja adabu: si vema mtoto ajue mambo ya usiku ya baba yake, wala si vema baba asikie maneno ya vijana. Baadaye vijana walioa papo hapo, kijiji kikakua, na katika sherehe kubwa iitwayo ubusoka baba zao wakawakabidhi nchi.

Basi ndani ya kijiji kile cha rika hapakuwa na haya. Kukaa pamoja kwa furaha na watu walio sawa nawe huitwa ukwangala, na Wanyakyusa walikuhesabu kuwa miongoni mwa mambo makuu ya maisha. Huko mvulana aliyeona mabadiliko ya mwili wake, au aliyeota ndoto zinazomwaibisha, aliweza kuuliza bila kuona haya mbele ya mtu.

Msichana naye alikuwa na njia yake. Alipovunja ungo aliingia katika ubusona, mambo ya unyago na ya ndoa yakichanganywa pamoja. Alikaa ndani kwa muda na wasichana wenziwe, wanawake watu wazima wakaja kumfundisha kwa maneno, kwa nyimbo na kwa ngoma ambazo mahali pengine popote zingekuwa matusi makubwa. Yafaa tukumbuke jambo hilo: maneno yale yale yaliyokuwa aibu barazani yalikuwa wajibu ndani ya nyumba ile.

Na ukali wa upande wa kukataza ulikuwa mwingi. Mke hakuruhusiwa kukutana na baba wa mumewe. Alijificha, alipita kando, wala hakutaja jina lake. Zaidi ya hayo aliacha hata maneno ya kawaida yaliyofanana na jina lile kwa sauti, akaweka mengine badala yake. Lugha hiyo ya wake huitwa ingamwana, na kwa wapenzi wa lugha ni hazina kubwa kuliko tunavyoweza kueleza hapa.

Mwaka 1891 walifika wamisionari, Wamoravian wakajenga Rungwe pamoja na Theodor Meyer, na wa misheni ya Berlin wakaja na Alexander Merensky. Wakristo walikatazwa ubusona. Hatusemi kwamba walikatazwa bila sababu, maana sherehe zile zilihusu mizimu na dawa, na nyimbo zake zilimshtua kila mtu wa Ulaya. Lakini nyumba ya mafundisho ilipofungwa, ni nani aliyepewa kazi ya wale wanawake? Masasi walifikiri vingine. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu huko tangu 1926 hata 1944, alizifanya za Kikristo desturi za jando na za wasichana, akatoa yasiyofaa na kuacha mafundisho na waalimu wake. Watu wamebishana sana juu ya kazi yake. Walakini alitambua kwamba swali la kijana halifi kwa kukatazwa.

Vijiji vya wavulana havikuhitaji kukatazwa. Shule ziliwachukua watoto, machimbo ya dhahabu ya Lupa na migodi ya Rhodesia ya Kaskazini ikawachukua vijana, na mashamba yakawa haba. Kufikia miaka ya 1950 vilikuwa vikipungua.

Tangu hapo swali limekosa mlango. Humjia mwalimu, au mchungaji, au mganga wa zahanati. Na hao wote huheshimiwa kama baba, yaani wamo katika cheo kile kile ambacho sheria ya kale ilikifungia maneno haya. Mwalimu husema, Kamwulize mama yako. Mama husema, Hayo mtafundishwa shule.

Tutaje swali moja tu. Msichana huuliza, au hutaka kuuliza, kama damu yake ni uchafu. Wazee walikuwa na neno ubunyali, uchafu wenye hatari, nao waliuona katika maiti, katika uzazi na katika damu ya mwezi. Ubusona ulimtisha msichana kwa neno hilo, ukamtakasa pia. Leo amebaki na tisho bila utakaso. Jibu la kweli ni fupi: tumbo la uzazi hujitayarisha kila mwezi kupokea mimba, na isipotungwa utando wake hutoka pamoja na damu kidogo, kiasi cha vijiko vikubwa viwili au vitatu kwa siku zote. Haiharibu chakula wala haimdhuru mtu. Kwa msichana wa miaka michache ya kwanza siku kupotea mwezi mmoja au miwili si ajabu. Lakini damu ikizidi mno, au maumivu yakimzuia kusimama, apelekwe hospitali.

Wala si amani ya moyo tu iliyo hatarini. Ukimwi ulipotambuliwa Kagera mwaka 1983 haukukawia kushuka kusini, na Mkoa wa Mbeya, ambao Rungwe imo, ukawa miongoni mwa mikoa iliyopigwa vibaya. Kijana aliyesema, Tumbo linaniuma, akapewa dawa ya tumbo, alirudi nyumbani na kisonono chake.

Kwa maoni yetu mwalimu mwanamume asijilazimishe kuwajibu wasichana wote kwa pamoja. Amtafute mwanamke mtu mzima wa kanisani au jirani, asiye mama wa yeyote kati yao, ampe maarifa sahihi ya hospitali, kisha aondoke. Wavulana nao watengwe kwa umri, kwa kuwa mdogo hatauliza mbele ya mkubwa.

Liko na shauri la maneno. Wengine hushikilia kwamba mafundisho haya yatolewe kwa Kinyakyusa tu, ndiyo lugha ya moyo. Twaogopa kwamba ni kwa sababu hiyo hiyo maneno yake huuma. Waswahili wenyewe walichukua hedhi kutoka Kiarabu, na katika kinywa cha mtu wa Tukuyu neno hilo ni jepesi, halina baba mkwe nyuma yake. Bibi arusi wa zamani aliyekatazwa neno hakunyamaza. Alitafuta jingine, akaendelea kuomba maji, kuni na chumvi.