Ufundi wa kuchonga mawe na mji wa Nyangwe

Watu wa Pwani waliofika Nyangwe karibu na mwaka wa 1860 walizoea miji ya mawe. Sababu gani basi hapa kwetu, kando ya mto Lualaba, walijenga kwa udongo? Tulichunguze neno hili, kwani vyombo vya fundi vyaonyesha nia yake.

Vyombo vya mwashi si vingi: mtaimbo wa kung'oa jiwe, nyundo ya kulipasua, tindo ya kulichonga, timazi ya kunyosha ukuta. Jiwe la Pwani ni tumbawe. Lile gumu la inchi kavu hujengwa ukutani pamoja na chokaa. Lile la baharini, likingali bichi, ni laini. Fundi hulichonga, kisha hukauka na kuwa gumu. Ndivyo mafundi wa Kilwa walivyopamba misikiti yao, zamani kabla Wareno hawajauteka mji huo mwaka wa 1505.

Ni kweli, kwetu hakuna tumbawe, na udongo si aibu: wazee wetu waliujenga vizuri. Lakini iko sababu nyingine. Kuchonga mawe ni kazi ya miaka. Shurti mtu akubali kutulia. Wenye misafara walifuata pembe na watu. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone aliona watu wao wakipiga bunduki katika soko la Nyangwe. Mamia walikufa, wengi wao wanawake, wengine wakazama mtoni. Mwaka wa 1893 jeshi la Dhanis liliutwaa mji, na utawala wao ukaisha.

Njia ya pembe na watumwa iliishia Pwani, na mlango wake mmoja ulikuwa Bagamoyo. Huko, tangu mwaka wa 1868, Mapadri wa Roho Mtakatifu walipokea watumwa waliokombolewa, wakawafundisha dini pamoja na kazi za mikono, uashi vilevile. Mwaka wa 1872 kanisa la mawe likasimama. Mwezi wa Februari 1874 mwili wa Livingstone, aliyeshuhudia mauaji ya Nyangwe, ulilazwa humo kabla ya kuvuka bahari. Mnara wake ungali umesimama.

Mikono iliyofungwa minyororo ilipewa nyundo na tindo. Sisi nasi, tunapotumwa kijijini, tujiulize: tumekuja kuchukua, ao kujenga?