Safari ya Moyo wa Kima

Leo twapenda kuzungumza na walimu na wanafunzi juu ya hadithi za mataifa mengine, na namna ya kuzifundisha zisiwe mzigo mgeni kichwani mwa mtoto. Shauri letu ni kwamba mwalimu aanze na hadithi inayosimuliwa nyumbani, kisha aifuate nyuma kwa njia iliyopita.

Twatwaa mfano wa kima na papa. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu, alipiga chapa mwaka 1870 kitabu cha hadithi za Unguja, na hiyo imo. Kima alikaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari, akimtupia rafiki yake papa matunda. Siku moja papa akamchukua mgongoni kwenda naye kwao. Walipofika kati ya bahari akamwambia ya kuwa sultani wao hawezi, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba wao wakitembea huiacha mioyo yao mitini. Basi warudi wakautwae. Waliporudi akapanda juu akanyamaza. Papa alipomwita, akamsimulia habari za punda wa dobi, aliyemponyoka simba, akabembelezwa akarudi, akauawa. Na sungura aliyemla moyo na masikio akasema kwamba punda huyo hakuwa navyo, maana angalikuwa navyo asingalirudi.

Sasa tuvuke bahari. Bara Hindi kuna kitabu cha kale cha Kisanskriti kiitwacho Panchatantra. Humo kima hukaa juu ya mzambarau, na rafiki yake ni mamba. Ajabu ni kwamba punda wa dobi naye yumo, tena ndani ya kisa kile kile. Hadithi moja yaweza kufanana na nyingine kwa bahati. Lakini hadithi mbili zilizofungwa pamoja namna hii hazikuzuka mahali pawili.

Katika karne ya 6, zamani za Mfalme Khosrow Anushirwan, tabibu wake Burzoy alizitia hadithi hizo katika lugha ya Uajemi. Katikati ya karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akazifasiri kwa Kiarabu katika kitabu cha Kalila na Dimna, ambamo mamba amekuwa kobe na mti umekuwa mtini. Na pwani yetu, iliyofanya biashara na Waarabu na Wahindi kwa karne nyingi, ilikuwa na milango miwili ya kumpokea kima huyo.

Alikwenda mashariki pia. Huko Japani aliyepelekwa kumdanganya kima ni konyeza, naye kwa ujinga wake alipigwa hata akakosa mifupa. Korea mnyama ni sungura, kitakiwacho ni ini lake, na mgonjwa ni mfalme wa bahari. Historia yao iliyoandikwa mwaka 1145 yaeleza ya kuwa mwaka 642 Kim Chunchu, mkubwa wa nchi ya Silla, alikwenda Goguryeo kuomba msaada wa vita. Mfalme wa huko akamtaka kwanza arudishe nchi fulani. Alipokataa akafungwa, na kifo kikawa karibu. Mkubwa mmoja wa baraza, aliyekwisha kupewa nguo kwa siri, akala naye, akamsimulia hadithi ya sungura na kobe, asiongeze neno. Kim akafahamu. Akaahidi kumwombea mfalme nchi ile kwao, akafunguliwa. Na alipofika mpakani akasema kwamba jambo hilo halikuwa katika uwezo wake. Mwaka 654 akawa mfalme wa Silla.

Mwalimu akiisha kusimulia haya, asikimbilie kuuliza mafunzo ya hadithi. Wengi hufanya hivyo, na watoto hujibu lile wanalojua kuwa mwalimu alitaka. Afadhali aulize kwa nini mamba wa mtoni amekuwa papa Unguja, na mke wa mamba, aliyeutamani moyo wa kima, amekuwa sultani mgonjwa. Wala asiwaache wagombane nani mwenye hadithi. Kisha awatume wakamsikilize bibi au babu, waandike kama alivyosema, pamoja na jina la kijiji chake. Kazi hiyo haingoji likizo, kwani wasimulizi wetu wengi ni wazee, na wengi wao hawakuandika kitu.