Paspoti Yako Ikae Mfukoni Mwako: Somo la Makaburi Saba ya Tervuren

Ndugu wahitimu, na ninyi wadogo zetu mulio bado chuoni, likizo zinakaribia na maswali ya safari yamekuwa mengi: visa, hoteli, wezi wa mu treni. Mimi nilisoma historia, basi nitajibu kwa historia.

Safari yangu ya kwanza ya Ulaya ilikuwa ya kundi. Tuliondoka Luano watu kumi na wawili. Tulipofika Brussels, bwana aliyetuandalia safari akakusanya paspoti zote. Alisema ni kwa usalama, zisipotee. Kila mtu alitoa, na mimi pia. Usiku wa tatu mwenzetu akashikwa na homa kali. Hospitalini wakaomba paspoti na karatasi ya bima. Tukapiga simu, haipokelewi. Bwana alionekana kesho yake mangaribi. Mgonjwa alitibiwa, Mungu asifiwe, lakini usiku ule tulijiona kama mizigo ya mtu.

Kisha nikapanda tramu namba 44 hadi Tervuren. Wengi huenda kule kuona jumba la makumbusho ya Afrika. Mimi nilianzia kando ya kanisa, kwenye makaburi saba ya Wakongo.

Mwaka 1897 mfalme Leopold II alifanya maonyesho pale Tervuren. Wakongo 267 waliletwa kwa meli. Mchana walikaa kwenye vijiji vya kuigiza, na watu zaidi ya milioni moja walikuja kwenye maonyesho yale. Usiku walilala kwenye mazizi ya farasi. Wageni waliwatupia vyakula, mpaka ukawekwa ubao wa kusema kwamba wanalishwa na waandaaji. Kiangazi kile kilikuwa cha mvua na baridi. Saba wakafa.

Utasema: waliuawa na baridi. Ndiyo, lakini nani aliamua walale wapi? Nani aliamua wavae nini, na warudi siku gani? Safari nzima ilikuwa mikononi mwa wengine.

Angalia sasa mwaka 1958, maonyesho makubwa ya Brussels. Safari hii Wakongo walikuja kwa mamia, wengi wamevaa suti, wakalala katika nyumba iliyojengwa kwa ajili yao, palepale Tervuren. Kwenye kijiji cha mafundi wa mikono, wageni wakawatupia ndizi na karanga. Dharau ilikuwa ileile ya 1897. Ila mafundi wale walichoka, na mwezi wa saba wakarudi nyumbani kabla maonyesho hayajaisha. Ule uwezo wa kusema "tunarudi", wale wa 1897 hawakuwa nao.

Kwa nini basi sisi kumi na wawili, wote na diplome zetu, tulitoa paspoti bila hata kuuliza? Minafikiri ni mazoea ya zamani. Mu Élisabethville ya wakoloni, Mwafrika hakuhama eneo lake bila karatasi iliyoitwa passeport de mutation, na karatasi ile alitia sahihi mtu mwingine. Nkambo wangu alituambia kwamba mbele ya meza ya ofisi ulivua kofia, ukangoja. Kofia tumeacha kuvua, lakini kungoja tunangoja bado.

Kwa hiyo, ukisafiri:

Paspoti ishike wewe mwenyewe. Kopi moja weka mu valizi, picha yake tuma kwa mtu wa nyumbani.

Bima isome kabla ya kuondoka. Visa ya Schengen inadai bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Namba yao ya simu uwe nayo wewe.

Kadi ya manjano ya chanjo usiiache. Tangu 2016, chanjo ya homa ya manjano inahesabika ya maisha yote.

Anwani ya pale utakapolala na tarehe ya kurudi, jamaa azijue.

Na koti nzito nunua ya tombola hapa hapa ku soko Kenya. Baridi ya Tervuren haina mchezo.

Niliporudi nikamuhadithia mama mambo ya paspoti. Alinyamaza kidogo, akasema: "Papa, mutu mwenye unapatia paspoti, njo mwenye unapatia na njia ya kurudia."