Wanafunzi wapimao mionzi kabla urani haijachimbwa

KATIKA utafiti wa mionzi na mazingira, kipimo chenye thamani kuliko vyote ni kile kinachochukuliwa kabla jambo lolote halijatokea. Kipimo hicho hakiwezi kurudiwa. Na mara nyingi kazi ya kukichukua huangukia mikononi mwa watu wasiotajwa sana: wanafunzi wa shahada za uzamili na uzamivu wanaozunguka vijijini na koleo, mifuko ya plastiki na daftari.

Mfano ulio karibu nasi ni Wilaya ya Namtumbo, mkoani Ruvuma. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO iliridhia mpaka wa Pori la Akiba la Selous urekebishwe, ili eneo la Mto Mkuju lenye madini ya urani litoke nje ya urithi huo. Mwaka uliofuata leseni ya uchimbaji ikatolewa. Hata hivyo, bei ya urani duniani ilikuwa imekwisha kuporomoka baada ya ajali ya Fukushima, nchini Japan, ya Machi 2011, na mradi ukalala kwa miaka mingi. Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani.

Kwa wapimaji, usingizi huo wa mradi ulikuwa neema. Mwaka 2013 yalichapishwa katika jarida la kimataifa matokeo ya vipimo vya udongo na maji ya kijiji cha Likuyu, jirani na eneo la Mkuju. Kazi za namna hiyo ndizo zitakazotumika kama mizani pindi uchimbaji mkubwa utakapoanza.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, yafaa kujua kwamba urani haikai peke yake ardhini. Ni mzazi wa ukoo mrefu. Atomu zake hupasuka taratibu mno, nusu yake ikitoweka baada ya takriban miaka bilioni 4.5, na kila inapopasuka huzaa elementi nyingine ambayo nayo hupasuka, hadi ukoo unapoishia katika risasi isiyo na mionzi. Miongoni mwa wana wa ukoo huo wamo thoriamu-230, ambayo nusu yake hudumu miaka wapata 75,000, radiamu-226 yenye miaka 1,600, na radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo nusu yake hutoweka kwa siku nne kasoro.

Sasa, kiwanda cha urani huchukua mzazi na kuwaacha wana. Takriban asilimia 85 ya mionzi iliyokuwa ndani ya mwamba hubaki katika tope la mabaki. Mwamba uliokuwa mgumu, umefunikwa na udongo, umekwisha kusagwa kuwa unga. Upepo waweza kuupeperusha, na mvua yaweza kuusukuma mitoni. Maji ya ukanda ule huelekea Mto Luwegu, na Luwegu ikikutana na Kilombero ndipo hupatikana Rufiji.

Tuseme basi miaka 20 ijayo mkulima wa bondeni analalamika kuwa kisima chake kina mionzi. Mchimbaji atajibu kwamba ardhi ile ndivyo ilivyoumbwa, na huenda akawa anasema kweli, kwa kuwa mahali penye urani huwa na mionzi zaidi hata kabla ya mtu kugusa jiwe. Bila kipimo cha awali hakuna hakimu wala mtaalamu awezaye kuwaamua. Kipimo hicho humlinda mkulima, na humlinda mchimbaji mwaminifu pia.

Kazi yenyewe ni ya subira kuliko ya ujuzi wa kustaajabisha. Mwanafunzi hurudi maabara na vifurushi vya udongo, huukausha katika tanuri kwa joto la nyuzi 105 hivi, huuponda, huuchekecha, kisha huufunga ndani ya chombo kisichopitisha hewa. Hapo husubiri takriban wiki nne. Sababu ni radoni: ikiwa itavuja, hesabu ya radiamu itakuwa ya uongo, hivyo gesi hiyo huachwa ijikusanye hadi ilingane na mzazi wake.

Baada ya hapo chombo huwekwa juu ya kitambuzi cha germaniamu kilichozungushiwa kuta nene za risasi na kupozwa kwa naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Kitambuzi huhesabu miali ya gama kwa saa nyingi, pengine siku nzima. Kila elementi ina nishati yake isiyofanana na ya nyingine: potasiamu-40 hujitambulisha kwa kiloelektrovolti 1,460, na sesiamu-137, ambayo haimo katika maumbile bali hutokana na majaribio ya mabomu na ajali kama ile ya Chernobyl ya mwaka 1986, kwa 662. Naitrojeni ikiisha, kitambuzi hupata joto na lazima kazi isimame. Wengi waliochelewa kuhitimu wanajua maana ya sentensi hiyo.

Matokeo hutolewa kwa bekereli, yaani mpasuko mmoja wa atomu kwa sekunde. Kwa mujibu wa kamati ya kisayansi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia athari za mionzi, kilo moja ya udongo wa kawaida duniani ina takriban bekereli 35 za urani, 30 za thoriamu na 400 za potasiamu. Mtu wa kawaida hupokea kutoka kwa maumbile wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka, na karibu nusu yake ni kwa njia ya radoni anayoivuta nyumbani mwake. Kwa hiyo swali la mtafiti haliwi kama mionzi ipo. Ipo kila mahali. Swali ni kiasi gani, na imeongezeka kutoka wapi.

Namtumbo si mahali pekee. Fosfeti ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, inayotumika kama mbolea, iligunduliwa mwaka 1956 katika upimaji wa mionzi kwa ndege, na utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulichunguza mgodi huo pamoja na maji, mboga za majani na chakula cha kuku. Kenya nayo ina kilima cha Mrima, Kwale, chenye thoriamu nyingi na msitu wa kaya unaoheshimiwa na Wadigo. Huko mionzi ni ya asili tupu.

Nchini Tanzania msimamizi wa masuala haya ni Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 kurithi Tume ya Taifa ya Mionzi. Baadhi ya wanafunzi wa uzamivu kutoka nchi zinazoendelea hupata pia nafasi ya kutumia maabara za nje kupitia kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, kwa vipindi vya miezi michache, huku wakibaki wanafunzi wa vyuo vyao.

Udhaifu upo, na haufai kufichwa. Fedha za mwanafunzi wa uzamili mara nyingi hutosha safari moja, hivyo sampuli huwa za kiangazi ama za masika, ilhali maji ya kisima hubadilika kwa majira. Pili, tasnifu huandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa maktabani. Mwenye shamba lililochimbwa udongo aghalabu hasikii jibu. Kusomewa matokeo kwa Kiswahili katika mkutano wa kijiji kungegharimu siku moja tu, na ingefaa vyuo viweke sharti hilo kabla ya kumpitisha mtahiniwa.

Jambo la tatu ni dogo, lakini hupuuzwa. Radiamu ya udongo uliokaushwa na kufungwa vizuri haipungui kwa kiasi cha kuonekana katika maisha ya binadamu. Kopo lililojazwa mwaka 2013 laweza kuhesabiwa upya mwaka 2040 kwa kitambuzi bora zaidi na kutoa ushahidi uleule, ilimradi halikutupwa wakati wa kusafisha stoo, na maandishi yanayoonyesha udongo ulikotoka hayajafutika.