Moto wa Lytton

Moto wa Lytton ni moto wa nyika uliokiteketeza kijiji cha Lytton, jimbo la British Columbia, Kanada, jioni ya tarehe 30 Juni 2021. Kijiji hicho kiko pale Mto Thompson unapoingia Mto Fraser. Sensa ya 2016 ilihesabu humo wakazi 249 tu, huku wenyeji wa asili, Wanlaka'pamux, wakiishi pia katika maeneo yao ya jirani.

Siku moja kabla, joto lilifika nyuzi 49.6 za Selsiasi, rekodi ya Kanada nzima. Nyasi zilikuwa zimekauka kabisa, na upepo mkali ulivuma bondeni. Saa 12 jioni meya aliamuru kila mtu aondoke. Wengi walikimbilia magari bila kubeba chochote. Watu 2 walifariki, na karibu asilimia 90 ya kijiji iliungua.

Treni ilishukiwa kuwa chanzo cha moto huo, lakini wachunguzi wa usalama wa usafiri hawakupata ushahidi wa kuihusisha.

Pigo kubwa zaidi lilikuja baadaye. Kijiji kidogo kikiungua, ofisi ya serikali yake, kituo cha afya na maduka hupotea kwa mpigo, na hata kumbukumbu: jumba la makumbusho ya historia ya Wachina liliteketea na vifaa vyake. Udongo ulilazimika kusafishwa sumu, na kwa kuwa ardhi hiyo ina mabaki ya kale ya Wanlaka'pamux, uchimbaji ulihitaji wanaakiolojia. Familia zilisubiri miaka kadhaa kabla ya nyumba kuanza kuinuka.