Mwezi wa Ijumaa Kuu



Wapendwa wasikilizaji, katika sura ya pili ya Matendo ya Mitume, Mtume Petro anawakumbusha watu wa Yerusalemu utabiri wa nabii Yoeli juu ya jua kutiwa giza na mwezi kuwa kama damu. Je, ilikuwa lugha ya kinabii tu, au wasikilizaji wake walikuwa wameuona mwezi wa namna hiyo wiki saba zilizotangulia?

Ponsio Pilato alitawala Uyahudi tangu mwaka 26 hata mwaka 36. Kadiri ya Injili ya Yohane, Bwana alisulubiwa siku ya maandalio ya Pasaka, yaani tarehe 14 ya mwezi Nisani. Katika miaka hiyo, Ijumaa zinazoafikiana vema na tarehe hiyo ni mbili: 7 Aprili mwaka 30 na 3 Aprili mwaka 33. Mwaka 1983 wataalamu wawili wa Oxford, Colin Humphreys na Graeme Waddington, walionyesha kwa hesabu kwamba katika tarehe hiyo ya pili mwezi ulipatwa kwa sehemu. Kivuli cha dunia kilifunika zaidi ya nusu yake. Lakini ulipochomoza Yerusalemu, yapata saa kumi na mbili jioni, kivuli kilikuwa kikiondoka, kimebakia ubavuni tu. Nasi Singida, kama Yerusalemu, tupo karibu na nyuzi 35 za longitudo mashariki. Basi mwezi huo ulichomoza juu ya majabali yetu karibu saa ileile, ukiwa bado na kivuli hicho.

Hata hivyo, tusiharakishe kuhitimisha. Mwaka 1990 mtaalamu wa nyota wa Marekani, Bradley Schaefer, alieleza kwamba mwanga wa machweo ungalifanya kivuli hicho kisitambulike kwa macho. Wataalamu wengine hushika mwaka 30, na Kanisa halijafunga tarehe. Tena, giza la adhuhuri halikuwa kupatwa kwa jua, kwa maana Pasaka huangukia mwezi mpevu, na jua hupatwa wakati wa mwezi mwandamo tu. Jambo hilo Mkristo Julius Africanus aliliandika katika karne ya tatu. Aliamini, na bado alipima hoja kabla ya kuikubali.

Mitume hawakuijenga imani juu ya mwezi. Katika hotuba ileile Petro anataja msingi wake: Yesu amefufuka, nao ni mashahidi.

Ndugu zangu, usiku wa Jumamosi, 28 Oktoba 2023, sehemu ndogo ya mwezi ilipatwa, nasi hapa Tanzania tulikuwa upande wa dunia ulioweza kuiona. Mwezi ule haukumtuhumu mtu. Lakini ndama akifa kesho yake, au mtoto akishikwa na homa, yupo atakayekwenda kupiga ramli, na bibi kizee wa jirani ataanza kutazamwa kwa jicho baya. Wazee wameuawa katika nchi hii kwa tuhuma za namna hiyo. Anayeligeuza anga la Mungu kuwa hati ya mashtaka dhidi ya jirani hushuhudia uongo, na amri ya Mungu yakataza.

Basi mwezi utakapopatwa tena, waiteni watoto nje. Waonyesheni ukingo wa kivuli ulivyopinda, kwa kuwa dunia yetu ni mviringo. Na yule bibi kizee mwiteni naye, mpeni kigoda, atazame pamoja nanyi.